Furaha ya Kuhudumu Katika Stoo ya Chakula ya Kanisa

SOMO LA KUJIFUNZA PAMOJA
Kwa vikundi vya akina mama, vijana, mashemasi na kamati za maendeleo

Mafungu ya kusoma: Kumbukumbu la Torati 14:28-29, Ruthu 2, Matendo ya Mitume 6:1-7, 2 Wakorintho 8 na 9.

Lengo la somo: Mwisho wa somo, kila mshiriki aweze kueleza kwa nini watu huanza kujitolea kwa shangwe kisha wakaacha, na ataje jambo moja la kurekebisha katika kanisa lake.

Muda: Saa moja na nusu. Mwenye kuongoza aje na gorogoro moja, chupa ya kioo iliyo kavu, chumvi kavu na mahindi kidogo.

UTANGULIZI



Makanisa mengi hapa kwetu yana stoo ya chakula. Pengine si jengo lenyewe. Ni kona ya ofisi ya mchungaji, au chumba kidogo nyuma ya kanisa, chenye magunia mawili ya mahindi, maharagwe, unga, mafuta ya kupikia na sabuni. Wakristo huleta vitu hivyo siku ya matoleo. Watu wa kujitolea huvipokea, huvipima na kuvigawa kwa wajane, wazee, wagonjwa na familia ambazo kibarua kimekatika.

Kuanzisha stoo si kazi ngumu. Siku ya kwanza watu ishirini wanaweza kujitokeza, wengine wakiwa wamevaa aproni kabisa. Shida huja baadaye. Miezi michache ikipita wamebaki watatu, na hao watatu hawasalimiani vizuri. Mmoja ameambiwa anapendelea watu wa kwao. Mwingine amechoka kubeba magunia peke yake. Mwisho stoo inafungwa bila tangazo lolote. Anayejua imefungwa ni mjane aliyetembea asubuhi akakuta kufuli mlangoni, akarudi nyumbani kimya kwa watoto.

Basi tukiuliza furaha ilienda wapi, tusijibu haraka ati watu hawana imani. Somo hili linasema hivi: furaha ya kuhudumu haitoki katika kushukuriwa. Inatoka katika kazi iliyofanywa kwa haki, mahali pa wazi, na kwa heshima, hata anayetoa na anayepokea waweze kutazamana usoni siku ya Jumapili. Kazi ikiharibika, furaha hukimbia hata kama tunaimba sana. Kazi ikitengenezwa, furaha hurudi.

1. STOO SI JAMBO GENI

Wengine husema ati mambo ya kugawa chakula yaliletwa na mashirika kutoka ng'ambo. Sivyo. Soma Kumbukumbu la Torati 14:28-29. Kila mwaka wa tatu, Waisraeli waliagizwa kuweka fungu la kumi la mazao yao ndani ya miji yao wenyewe. Walawi, wageni, mayatima na wajane walikuwa wale hapo mpaka washibe. Angalia kwamba chakula hakikupelekwa mbali. Kilikaa karibu na mwenye haja, kikalindwa na majirani zake.

Wazee wetu nao walijua kusaidiana. Wakamba wana mwethya, Wakikuyu wana ngwatio, Waluo wana saga. Majina ni tofauti lakini jambo ni moja: leo tunalima kwako, kesho kwangu. Hakuna aliyeitwa maskini kwa sababu majirani wamekuja kumsaidia, maana naye zamu yake ya kusaidia ilikuwa inakuja.

Tukumbuke pia kwamba njaa haichagui wavivu. Mwaka wa 1984 mvua ilipokosekana, serikali ililazimika kuagiza mahindi ya njano kutoka nje, na wazee wanayakumbuka mpaka leo. Wakamba waliipa njaa ile jina Nikw'a Ngwete, maana yake ninakufa nikiwa na pesa mkononi. Watu walikuwa na shilingi, lakini dukani hapakuwa na kitu cha kununua. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika sehemu kavu za nchi, na mifugo ikafa kwa wingi. Kisha mwisho wa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, yakaja mafuriko. Aliyekuwa na ng'ombe jana anaweza kuwa kwenye foleni leo. Ukiwa umesimama upande wa ndani wa meza, jua kwamba meza hiyo inaweza kugeuka.

2. KANISA LA KWANZA LILIGOMBANA KWA SABABU YA CHAKULA

Soma Matendo 6:1-7 polepole. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na mgao wa kila siku kwa wajane. Manung'uniko yakatokea. Waumini waliosema Kiyunani walilalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa, na wale wa Kiebrania wanapata. Tazama, hata kanisa lililokuwa na mitume wenyewe lilisemwa kuwa linapendelea!

Mitume walifanya nini? Hawakuwakemea walionung'unika. Hawakufunga mgao. Waliwaita waumini wote, wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, wasimamie kazi hiyo. Jambo hilo likawapendeza wote.

Sasa soma majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Huyo Nikolao hata hakuzaliwa Myahudi, alikuwa mwongofu wa Antiokia. Inaonekana kanisa liliwapa kazi ile watu wa upande uliokuwa unalalamika. Tungesema kwa lugha ya leo kwamba wenye malalamiko walikabidhiwa funguo za stoo. Na mstari wa 7 unasema neno la Mungu likaenea na wanafunzi wakaongezeka sana.

Hapa kuna fundisho kubwa kwa kamati zetu. Kama wanaogawa wote wanatoka mtaa mmoja, au ukoo mmoja, au ni marafiki wa mchungaji, manung'uniko yatakuja hata kama hakuna aliyeiba punje moja. Waweke watu wa pande zote. Weka mmoja au wawili kati ya wale wanaopokea. Yule mama anayejua uchungu wa kusimama foleni ndiye atakayekuambia foleni inaumiza wapi. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

3. MAMBO MANNE YANAYOMALIZA FURAHA

(a) Kungoja asante. Mtu anajitolea akitumaini kusifiwa. Anapokea gunia, anapima, anagawa, na mzee mmoja anachukua chakula bila kusema neno. Basi moyo unauma. Lakini jiulize, yule mzee alikuwa anafikiria nini? Pengine alikuwa mkulima wa kuheshimiwa, na leo amebeba kikapu mbele ya vijana aliowabatiza. Kunyamaza kwake si kiburi. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Wewe tazama kama gorogoro ilijaa. Hiyo ndiyo shukrani yako.

(b) Kazi ya gizani. Mlango ukifungwa wakati wa kupima, watu walio nje hupima kwa midomo. Paulo alipokusanya mchango wa makanisa kwa ajili ya waumini wa Yerusalemu, hakubeba peke yake. Soma 2 Wakorintho 8:18-21. Alisafiri na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu yeyote asipate la kumlaumu. Alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za watu pia. Kama mtume Paulo alihitaji mashahidi, sembuse mimi na wewe?

(c) Aibu ya anayepokea. Soma Ruthu 2:15-17. Boazi aliwaagiza vijana wake wamwache Ruthu aokote hata katikati ya miganda, wadondoshe masuke kwa makusudi, na wasimkemee wala kumwaibisha. Ruthu alirudi nyumbani na shayiri kama efa moja, karibu debe moja hivi, na hakuna aliyemfanya ajione takataka. Siku hizi tuna simu zenye kamera. Mtu anapewa pakiti mbili za unga, na kabla hajafika nyumbani picha yake imeenda kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Hili tuache. Hata sheria ya nchi ya kulinda data, ya mwaka wa 2019, inataka habari za mtu zitumiwe kwa kumheshimu. Ukitaka kuonyesha wafadhili kazi, piga picha ya magunia na ya daftari lisiloonyesha majina. Na usimwite mtu kwa kipaza sauti.

(d) Uchovu wa wachache. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kama ni mama yule yule anayefagia, anayepokea, anayepima na anayekwenda kuona wagonjwa, atachoka, na akichoka atakuwa mkali, na akiwa mkali watu wataogopa kuja. Gaweni kazi kwa zamu. Mtu ahudumu Jumamosi moja kwa mwezi badala ya zote nne. Wenye nguvu wabebe, wenye macho mazuri wachague maharagwe, wazee wakae mlangoni kusalimia na kusikiliza. Anayetoka mbali apewe nauli na chai. Kujitolea si kusema watoto wako walale njaa.

Na je, anayejitolea akiwa na shida yeye mwenyewe? Jambo hili hutokea sana, na hufichwa sana. Aandikwe katika daftari lile lile, apate kipimo kile kile, na apimiwe na mtu mwingine. Hapo hakuna aibu wala wizi. Wakristo wa Makedonia walitoa kwa furaha wakiwa katika umaskini mkubwa (2 Wakorintho 8:2). Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

4. HAKI IKO KATIKA GOROGORO

Sasa tushuke kwenye kazi ya mikono, maana hapa ndipo watu wengi hupoteza amani bila kujua sababu.

Kipimo. Gorogoro moja ya mahindi ni kilo mbili hivi. Gunia la kilo 90 linatoa gorogoro 45. Ukiwapa familia tisa, kila moja inapata gorogoro tano. Familia ya watu watano ikipika kilo mbili kwa siku, hizo ni siku tano za ugali. Fanyeni hesabu hii kabla ya kufungua mlango, msije mkampa wa kwanza kumi na wa mwisho mkamwonyesha gunia tupu.

Chunguza gorogoro yenyewe. Sote tunajua ile ya sokoni iliyobonyezwa chini ili ibebe kidogo. Isionekane kanisani. Tafuta iliyo nzima, sawazisha juu kwa kijiti, na utumie hiyo moja kwa wote. Ukimjazia mmoja mlima na mwingine ukamkwangulia, umeshapanda fitina. Kama mnaweza kununua mizani, ni bora zaidi.

Ukavu. Mahindi mabichi ni hatari. Mwaka wa 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua kwa sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini, na 125 wakafa. Walikuwa wamekula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hii haiondoki kwa kupika. Ndiyo maana Bodi ya Nafaka hutaka unyevu usizidi asilimia 13.5.

Kama hamna kipima unyevu, fanyeni jaribio hili. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Tia mahindi hadi theluthi moja ya chupa, na vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa dakika mbili au tatu, kisha iache itulie. Chumvi ikishika kuta za chupa, mahindi bado hayajakauka. Yarudishe juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Hata chumvi isiposhika, kuyaanika siku moja zaidi ni salama kuliko kuharakisha, kwa maana jaribio hili huonyesha unyevu mwingi tu. Mahindi yenye ukungu au yaliyobadilika rangi yasigawiwe kwa mtu, na msimpe ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumu hupita ikaingia katika maziwa. Ni uchungu kutupa zawadi ya mtu. Lakini huwezi kufurahia huduma inayomuua jirani yako.

Mahali. Panga magunia juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, ili hewa ipite na panya waonekane. Ile mifuko maalum isiyopitisha hewa inasaidia sana dhidi ya wadudu bila dawa, mradi mahindi yawe yamekauka vizuri kabla ya kufungwa. Kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Angalia tarehe kwenye pakiti za unga na mafuta.

Daftari. Andika kilichoingia, kilichotoka, na kilichobaki. Watu wawili watie sahihi. Kila mwezi soma jumla kanisani: magunia mangapi yaliingia, familia ngapi zilihudumiwa, nini kimebaki. Jumla tu, bila majina. Dakika tatu za kusoma daftari zinaweza kuzima uvumi wa miezi mitatu.

5. STOO INAYOZUNGUKA

Stoo nyingi hujazwa wakati wa njaa, bei ikiwa juu. Afadhali ijazwe wakati wa mavuno. Ukambani mavuno makubwa ni ya mvua ya Oktoba hadi Desemba, na huingia Februari na Machi. Trans Nzoia na Uasin Gishu mahindi huvunwa kuanzia Oktoba. Kila kanisa lijue majira yake. Wakati huo gorogoro moja kutoka kila nyumba haimuumizi mtu.

Na hapo ndipo wale waliopokea wakati wa shida hupata nafasi ya kuleta. Usiwadai. Chakula cha kanisa si mkopo. Lakini usiwazuie pia. Tuseme kuna mama aliyesaidiwa mwezi wa Juni, na baada ya mavuno anakuja na nusu gorogoro ya kunde ndani ya leso. Kuna watu watamwambia, "Mama, wewe bado una shida, rudi nayo." Wanadhani wanamhurumia. Kumbe wanamwambia kwamba yeye ni wa kupewa tu siku zote. Mpokee kama unavyompokea mwenye duka aliyeleta gunia. Andika katika daftari. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mpe naye jembe la kuhudumu, maana furaha hii si ya wenye nacho peke yao.

Hii ndiyo furaha ambayo mtu aliyeionja haachi kirahisi. Inakuja pale mnapofunga daftari jioni na hesabu imelingana. Inakuja pale mzee asiyesema asante anapoanza kukusimulia habari za mguu wake. Inakuja pale jina linapofutwa kwenye orodha kwa sababu kijana wa nyumba hiyo amepata kazi. Kelele yake ni ndogo, lakini inakaa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kanisa letu, nani walianza kujitolea na hawaji tena? Je, kuna aliyewahi kuwauliza sababu?
2. Kama wale saba wa Matendo 6 wangechaguliwa hapa kwetu leo, wangetoka upande gani?
3. Taja jambo moja tunalofanya siku ya kugawa ambalo humwaibisha anayepokea. Tutalibadilisha vipi?
4. Mtu anayejitolea akiwa na njaa nyumbani, anaweza kusema wazi katika kikundi chetu? Kama hawezi, ni nini kinamzuia?
5. Stoo yetu huwa tupu mwezi gani? Mavuno yetu ni mwezi gani?

KAZI YA MWEZI HUU

- Fanyeni jaribio la chumvi kwa mahindi yote yaliyo stoo.
- Kagueni gorogoro. Iliyobonyezwa itolewe.
- Andikeni orodha ya zamu, mtu asipangwe zaidi ya Jumamosi mbili kwa mwezi.
- Ongezeni katika kamati mtu mmoja anayepokea chakula, akikubali mwenyewe.
- Someni daftari kanisani Jumapili ya mwisho wa mwezi.

MWISHO

Msianze yote siku moja. Chagueni mawili, myafanye vizuri, kisha mwendelee. Na yule mhudumu aliyekata tamaa, mwendeeni nyumbani wawili wawili. Msiende na hotuba. Nendeni mkamsikilize, mnywe chai naye, na mkitoka mmwambie zamu yake ni Jumamosi gani.

Tuombe: Bwana, ututunzie mikono iwe safi na vipimo viwe vya haki. Utuondolee haja ya kusifiwa. Wenye njaa wasikute kufuli mlangoni kwako kwa sababu yetu. Amina.